Upepo wa Nyuma ya Kichwa

Waliendelea kumwita Dereva hata baada ya kunyang'anywa leseni. Hakuna aliyekusudia kumchoma. Jina lilikuwa limeshamganda na watu hawakupata jingine la kumpa. Alikuwa ameendesha lori la masafa marefu tangu ujana wake, mpaka asubuhi moja alipoanguka kifafa kwenye kituo cha mafuta, mpira wa pampu ukiwa bado mkononi. Ilikuwa bahati yake, na bahati ya wengine wengi barabarani, kwamba hakuwa nyuma ya usukani. Daktari alimwandikia vidonge vya kumeza asubuhi na jioni, akamwambia asahau kuendesha chombo chochote chenye magurudumu, hata baiskeli.

Basi akahamia kwa mdogo wake wa kike, ambaye mtaa mzima ulimjua kama Msusi. Nyumba ilikuwa na saluni mbele, vyumba vitatu katikati, na ua nyuma. Mama yao naye alikuwa anaishi humo. Wote wawili walimkaribisha Dereva kwa moyo mweupe, ila yeye mwenyewe hakujua kukaa. Ukimwona mlangoni, ukigeuka yuko getini. Ukimwekea chai, utaikuta imepoa dirishani. Alipanga vitana vya saluni kwa ukubwa, kisha akavipanga kwa rangi. Alikaza bomba la jikoni ambalo halikuwa na kasoro, likaanza kuvuja.

"Huyu mtoto ana mchwa miguuni," Mama alisema, na mtoto mwenyewe alikuwa na mvi masikioni.

Msusi hakucheka. Yeye alikuwa na hangaiko lake ambalo hakumwambia mtu. Tangu kaka yake aingie nyumbani, masikio yake hayakupumzika. Kopo likidondoka uani, vidole vyake vilisimama kichwani mwa mteja. Kukiwa kimya sana, vilisimama vilevile. Mara ngapi alimwacha mtu na nywele nusu zimesukwa, nusu zimesimama, akakimbilia nyuma, akamkuta Dereva anafagia? Alirudi akaomba radhi, akasema alidhani maziwa yanachemka. Wateja walishangaa nyumba hiyo inachemsha maziwa mangapi.

Ndipo yakatangazwa mashindano ya vigari vya mbao. Hakuna injini, hakuna pedali: unaachiwa juu ya barabara ya tangi la maji, na mteremko wenyewe unakupeleka hadi tambarare kule chini kwenye maghala. Kila kigari kingepewa magurudumu ya aina moja, na kila kigari pamoja na mtu wake kingepimwa, asiyefikia uzito uliowekwa aongezewe mchanga. Dereva alisikia habari hizo getini. Akaingia saluni bila kubisha, mbele ya wateja.

"Mdogo wangu, unaogopa mwendo?"

"Mwendo wa nini?"

"Jibu kwanza."

"Siogopi," alisema Msusi, na hapo akawa ameshakubali bila kujua amekubali nini.

Kigari cha kwanza kilifanana na kabati lililolazwa chali. Dereva alikipiga misumari kwa siku chache tu, mbao za huku na huku, usukani wa baiskeli ya zamani. Walikisukuma hadi barabara ya tangi asubuhi moja kabla magari hayajaanza kupita, Msusi akaketi ndani, wakamwachia. Kilianza vizuri. Kufika katikati ya mteremko kikaonekana kama kimechoka. Hakikuongeza mwendo tena. Kilishuka tu kwa adabu mpaka chini.

Dereva alishuka kwa miguu, akatembea akikizunguka, mara kushoto mara kulia.

"Magurudumu ni yale yale ya wote," alisema. "Uzito ni ule ule wa wote. Kinachotuzuia ni upepo."

"Leo hakuna upepo, kaka."

"Wa kwako upo. Unautengeneza mwenyewe ukitembea." Akamweleza jinsi lori lake lilivyokuwa likila mafuta turubai likifungwa ovyo. Mzigo ule ule, barabara ile ile, lakini turubai likipiga makofi nyuma, tangi linakauka kabla ya kituo. "Watu wanadhani upepo unakusukuma kutoka mbele. Ule wa mbele si neno. Mbaya ni ule unaokuvuta shati kwa nyuma."

Toka siku hiyo ua ukajaa vumbi la mbao. Alilibomoa lile kabati lote. Pua ya kigari kipya aliichonga mviringo, butu kama upande mnene wa yai. Mama aliposema mbona hakuichongoa, alimjibu kwamba tone la maji likianguka halina ncha mbele, ncha iko nyuma. Mkia ndio aliouchongoa, mrefu, unaopungua taratibu mpaka unakuwa mwembamba kama ukingo wa kiganja. Chini alifunika kwa ubao laini wa plaiwudi ili hewa isiingie tumboni na kuzurura. Hata miti iliyoshika ekseli aliipiga randa, ikawa na umbo la jani.

Alifanya kazi kama mtu anayefukuzwa. Akishika msasa, baada ya muda ameuacha, ameshika tupa; tupa imeachwa, amelala chini anachungulia tumbo la kigari. Msusi, mbele, alisikia msasa ukikwaruza akawa na amani. Ukinyamaza, moyo unamruka.

Siku ya joto kali kuliko zote, Dereva alikuja kuchukua feni ya saluni.

"Nina wateja watatu," alisema Msusi.

"Nitairudisha sasa hivi. Na nipe nyuzi za sufu, zile nyekundu."

Wateja walisubiri wakijipepea kwa mikono. Mwishowe mmoja akasimama kwenda kuona, wa pili akafuata na taulo shingoni, na Msusi hakuwa na la kufanya ila kwenda nao. Dereva alikuwa amebandika vipande vifupi vya uzi mwili mzima wa kigari, kutoka puani hadi mkiani, kikawa kama mnyama mwenye manyoya mekundu. Feni ilikuwa inavuma mbele yake.

"Keti ndani," alimwambia dada yake. "Nyinyi angalieni nyuzi."

Nyuzi za puani zililala vizuri, zote zikielekea nyuma. Za ubavuni zililala pia. Lakini nyuma ya kichwa cha Msusi zilikuwa na kichaa. Zilisimama, zikazunguka, nyingine zikageuka kuelekea mbele kabisa, kana kwamba zimesahau kitu zikarudi kukifuata.

"Unaona?" Dereva alisema kwa sauti ndogo. "Hapo ndipo tunaposhikwa shati. Kichwa chako."

"Basi nikikate," alisema Msusi, na wateja wakacheka.

Hakukikata. Alimjengea nundu nyuma ya kiti, ya vipande vyembamba vya mbao vilivyogundishwa na kupakwa puti ya kuziba mianya, iliyoanza pale kisogo kinapoishia na kuteremka polepole hadi mkiani. Kisha akashusha kiti. Akakishusha tena. Msusi sasa alilala chali kama mtu anayetazama dari, kidevu kifuani, macho yakiona barabara kwa mwanya mdogo juu ya ukingo. Feni ilipowashwa, nyuzi za nyuma zililala karibu zote.

"Ukikaa hivyo, upepo haujui kama upo," alisema. "Ukiinua kichwa, hata kidogo, kazi yangu yote bure. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

"Sema tena."

"Kaka, nimeelewa. Siinui."

Walikijaribu. Safari hii kigari hakikuchoka katikati. Kiliendelea kuongeza, na sauti ya upepo masikioni mwa Msusi ikawa nyembamba, halafu ikawa kama hakuna. Lami ilipita chini ya mgongo wake ikitetemeka. Alishika kona karibu na ukuta wa shule bila breki, tumbo likabaki nyuma, akafika tambarare akiwa anacheka peke yake humo ndani.

Kigari kiliposimama ndipo aligundua jambo lililomnyima raha siku nzima. Toka alipoachiwa kule juu hadi hapo chini, hakumfikiria kaka yake hata mara moja. Masikio yalikuwa yake. Ilikuwa tamu sana, na utamu huo ulimtia hofu. Akatoka haraka, akatazama juu ya mteremko, akamwona Dereva anashuka mbiombio, mikono hewani, mzima kabisa. Alimpungia mkono.

Siku zilizobaki hazikuwa na utulivu. Dereva alibuni vifuniko vya magurudumu, visahani vyembamba vya kuziba spoku zisichape hewa, akavitoa, akavirudisha. Alipunguza upana wa mahali pa kukaa mpaka mabega ya Msusi yakawa yanakwaruzwa.

"Kaka, mimi si kisu cha kuchomekwa alani."

"Vuta pumzi uone kama hutaingia."

"Nikivuta pumzi nitaingia. Nitatokaje?"

Alipanua kidogo, kwa kununa. Msusi alimtazama akipaka vanishi, mkono mwepesi, jicho kali, maneno yakimtoka haraka. Alimwona amechangamka kuliko wakati wowote tangu ahamie. Akamwambia Mama kwamba kazi inamponya. Mama alikuwa anamtazama mwanawe kwa namna anavyotazama sufuria inayokaribia kufurika.

Siku ya mashindano barabara ya tangi ilifungwa. Kwenye kona ya shule walipanga magunia ya vumbi la mbao, asije mtu akaparamia ukuta. Kila mmoja angeshuka mara mbili, asubuhi na alasiri, na muda wake bora ndio ungehesabiwa. Vigari vilikuwa vya kila sura: kimoja kama jeneza, kingine kama kiatu, na kimoja chenye pua kali kama mshale, cha Fundi Vioo, jamaa mnene mcheshi aliyeweka madirisha karibu nusu ya mtaa.

Dereva alikizunguka hicho cha Fundi Vioo, hakuweza kujizuia.

"Pua umeitesa bure," alimwambia. "Lakini mkia umeukata kama mkate. Hewa inakuja vizuri, ikifika hapa haijui pa kwenda."

"Wewe uko upande wa nani?" Fundi Vioo alimuuliza, huku akiinama kuutazama mkia wake.

Mpango wa ndugu wawili ulikuwa rahisi. Mama angekaa chini, kwenye tambarare. Dereva angesimama konani, mahali Msusi angemwona kwa ule mwanya wake. Akiinua mkono wa kulia, kona ni safi, apite kwa ndani bila kugusa breki.

Fundi Vioo alikuwa ameshashuka na alikuwa anapanda na kamba ya kigari chake begani wakati zamu ya Msusi ilipofika. Alilala chali, akashusha kidevu, akasukumwa.

Mwendo ulikuja upesi kuliko siku ile ya majaribio. Kelele za watu zilipita kama nyuzi zinazokatwa. Akaona magunia yanakaribia, akalitafuta shati la bluu la kaka yake, asilione. Badala yake aliona migongo. Watu kama kumi hivi walikuwa wamezipa mbio mgongo, wameinama, wanatazama kitu chini.

Aliinua kichwa.

Hakuamua, kichwa kiliinuka chenyewe. Upepo ukaivamia kofia yake ngumu, ukamvuta shingo nyuma, kigari kikayumba mkia. Mwendo ulipungua kana kwamba ametupwa majini. Kati ya miguu ya wale watu aliona kipande cha bluu kikitikisika. Akavuta breki kwa nguvu zake zote. Kigari kikaserereka kwa ubavu, kikaingia kwenye magunia, na vumbi la mbao likamwagika kote.

Alitoka humo akiwa amechunika viwiko, akawasukuma watu. Fundi Vioo alikuwa amepiga magoti chini. Alikuwa amemlaza Dereva kwa ubavu na kumwekea koti lake chini ya kichwa, na alikuwa anawafukuza watu waliotaka kumtia kijiko mdomoni.

"Mwacheni apumue," alikuwa akisema. "Shemeji yangu anayo hali hii. Inapita."

Ikapita. Mwili ulilegea, pumzi zikarudi nzito. Muuguzi wa mashindano akaja, akampima mapigo ya moyo, akamfuta mate. Dereva alifumbua macho, akakaa muda akimtazama kila mtu kama mgeni. Mwisho macho yakatua kwa dada yake, kwenye nywele zilizojaa vumbi la mbao.

"Umepata muda gani?" aliuliza, ulimi bado mzito.

"Sikumaliza."

"Kwa nini?"

"Kwa nini?" Msusi alirudia. "Unaniuliza mimi kwa nini?"

Dereva aligeuza shingo polepole, akakiona kigari kimelala kwenye magunia. "Uliinua kichwa," alisema. Alisema kwa masikitiko, kama mtu aliyeambiwa habari ya msiba.

Muuguzi alimuuliza kama alimeza dawa asubuhi. Dereva alifungua kifungo cha shati. Akauliza na jana, Dereva akakifunga.

"Kaka."

"Vile vidonge vinanipa uzito," alisema hatimaye, akiitazama lami. "Nikivimeza mikono inakuwa kama ya mtu mwingine. Nashika randa, nahisi nimevaa glavu. Nilitaka kumaliza kazi kwanza. Wiki hii tu."

Msusi alisikia damu ikimpanda. Wiki nzima alikuwa akiusikiliza ule msasa, akijisifu kwamba mtu wake anapona. "Ningekuwa nimekupita hapa kwa mwendo ule," alisema, "kichwa chini kama ulivyoniamuru, nikafika kule chini nacheka, na wewe umelala hapa. Unajua hilo?"

"Ungekuwa umefanya sawasawa."

"Usiniambie hivyo."

"Ungefanya nini cha zaidi? Huyu bwana alikuwa hapa. Muuguzi yuko hapa. Wewe umekuja kunitazama nikitikisika, basi." Alijitahidi kuketi, Fundi Vioo akamshika bega. "Mimi ndiye ninayeanguka, mdogo wangu. Naanguka, naamka. Wewe toka nihamie kwako hujaamka. Unadhani siyasikii yale maziwa yako?"

Msusi alikwenda kwenye kigari, akakishika mkia akakivuta kutoka kwenye magunia peke yake, kwa hasira, huku machozi na vumbi vikichanganyika usoni. Kifuniko kimoja cha gurudumu kilikuwa kimepasuka. Nundu ilikuwa na mkwaruzo mrefu. Usukani ulikuwa mzima.

Mama alipanda kutoka chini akihema. Hakumgombeza mtu. Muuguzi alileta vidonge, Mama akamtazama mwanawe mpaka alipovimeza, halafu akamfungua mdomo kuhakikisha, mbele ya watu wote, kama mtoto mdogo. Akamketisha kwenye kivuli cha ukuta wa shule, naye akaketi pembeni yake.

"Mimi nipo hapa," alimwambia bintiye. "Sina pa kwenda. Wewe una zamu yako alasiri."

"Siendi, Mama."

"Sawa. Usiende." Mama akaanza kujipepea kwa kanga. "Lakini ukibaki, usibaki unanihemea hapa. Kaa mbali."

Msusi alikaa mbali. Alisimama, akakaa, akatembea hadi kwenye tangi, akarudi. Kwa mara ya kwanza alielewa jinsi kaka yake anavyojisikia uani, miguu inataka kwenda na hakuna pa kuipeleka. Fundi Vioo alimkuta ameinama juu ya gurudumu lililopasuka kifuniko, akatoa mfukoni mkanda wake mpana wa kubandikia vioo. Wakaufunga pamoja, wakaulainisha kwa kidole gumba usiache mkunjo hata mmoja wa kushika hewa.

"Kaka yako kaniambia nibandike kadibodi mkiani," alisema Fundi Vioo. "Kashindwa kunyamaza hata pale chini. Nimebandika."

Alasiri Msusi alipanda juu. Wakati wa kupita konani alisimama mbele ya ukuta. Dereva alikuwa ameegemea, uso umemlegea kwa usingizi wa dawa na uchovu, lakini macho yalikuwa wazi.

"Siwezi kukuinulia mkono," alisema. "Mikono mizito."

"Usiinue. Nitaingia kwa ndani vyovyote itakavyokuwa."

"Breki?"

"Siigusi."

"Na kichwa?"

Msusi alifunga kamba ya kofia yake ngumu. Alikwenda zake.

Alilala chali, mabega yakakwaruzwa na mbao, akashusha kidevu. Waliposukuma, aliusikia ule mtetemo ukipanda kutoka kwenye lami hadi kwenye meno. Magunia yakaja. Alijua hasa walipo: kushoto, chini ya ukuta, kanga ya Mama na shati la bluu. Shingo yake yote ilitaka kugeuka; aliusikia msuli ukivuta. Akaliacha jicho kwenye ule mwanya, kwenye lami ya kijivu iliyokuwa inapinda, akapinda nayo. Kona ikapita. Walikuwa wazima au hawakuwa wazima, walikuwa nyuma, na yeye hakuwa na la kuwafanyia. Aliishika hewa kifuani, kisha akaiachia, na kigari kikaendelea kuongeza.

Alivuka mstari akasikia kelele, halafu hakuzisikia tena, kwa sababu kigari hakikusimama. Vigari vingine vyote vilikuwa vimesimama karibu na meza ya waamuzi. Hiki hakikuwa na kitu cha kukishika. Kilipita meza, kikapita wauza maji, kikaingia barabara ya maghala iliyonyooka na tupu, kikateleza polepole mbele ya milango mikubwa ya mabati. Msusi aliacha breki ilivyo. Mtu alikuwa anakimbia nyuma akipaza sauti kwamba ni wa pili, ni wa pili, kapitwa na Fundi Vioo kwa kidogo sana.

Kigari kilikwenda kikipungua mpaka kikatulia chenyewe mbele ya ghala lililofungwa. Msusi alibaki amelala, kidevu kifuani, akitazama bati na kufuli lake. Juu kule, watu wangemweleza Dereva matokeo, naye angesema kifuniko kilichopasuka ndicho kilichowaponza. Ilikuwa njia ndefu ya kupanda kwa miguu. Angeianza baadaye kidogo.